Gari la Dharura la Shamba la Jua

Kituo cha umeme wa jua cha Garissa kina paneli 206,272, kila moja ya wati 265, na inveta 1,172 zinazoupokea umeme wa paneli hizo na kuugeuza uweze kuingia kwenye gridi ya taifa. Vyote vimetandazwa kwenye hekta 85 hivi za ardhi kavu, na kituo kilizinduliwa rasmi Desemba 2019. Wengi hutaja ukubwa wake, karibu megawati 55, wakaishia hapo. Mimi hupenda kuigawanya ile namba ya kwanza kwa ya pili. Inatoka 176 kamili: paneli 176 kwa kila inveta. Fundi aliyekabidhiwa gari tupu, akaambiwa aliandae liwe gari la dharura la kituo cha namna hii, anaanzia hapo hapo.

Inveta ndogo zikiwa nyingi, ajali haina mahali pake maalumu. Kituo chenye inveta chache kubwa huzifungia vyumbani, na kengele ikilia unajua ni mlango gani wa kukimbilia. Hapa moto unaweza kuanzia chini ya safu yoyote, na gari litalazimika kuingia kwenye vijia vya kati ya safu, lisimame, na pengine litoke kinyumenyume kwa kukosa pa kugeuzia. Kwa hiyo kabla ya kununua hata bolti moja, fundi mzuri anaomba ramani ya kituo, anachukua futikamba na kwenda uwanjani. Anapima kijia chembamba kuliko vyote, anapima kona iliyo kali kuliko zote, anapima ukingo wa chini wa paneli uko juu kiasi gani kutoka ardhini. Vipimo hivyo ndivyo vitakavyomwambia kama makabati ya ubavuni yanaweza kuchomoza, na kama keria ya paa ina nafasi. Vitaamua hata milango ya makabati ifungukie wapi. Mlango unaofunguka kwa pembeni unafaa sana karakanani, lakini kwenye kijia chembamba utagonga fremu ya paneli ukiwa umefunguka nusu, na glavu zimo ndani. Basi milango inafungwa bawaba juu, ifunguke kuelekea angani, na ikishafunguka inampa kivuli anayefanya kazi chini yake.

Halafu kuna jua lenyewe. Umeme wa nyumbani ukileta balaa, mtu hukimbilia swichi kubwa. Shamba la jua nalo lina swichi zake, na wafanyakazi wanajua zilipo, lakini ukizizima umekata njia tu. Paneli zenyewe zinaendelea kuwa na volti maadamu kuna mwanga. Paneli moja ya wati 265 huwa na volti zipatazo 38 isipokuwa na mzigo. Zikiungwa 22 kwa mfululizo, aliyegusa waya uliochubuka anakabiliana na volti zaidi ya 800. Tena ni umeme wa DC, usiobadili mwelekeo. Umeme wa AC wa gridi yetu hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, na kila unapopita, ule mwali unaoruka kati ya nyaya mbili zilizoachana hupata nafasi ya kufa. Mwali wa DC hauipati nafasi hiyo. Ukishawaka unang'ang'ania, unayeyusha shaba na alumini, na kudondosha matone ya moto kwenye majani makavu yaliyo chini.

Ndiyo sababu gari la zimamoto la mjini haliwezi kuletwa hapa likapakwa rangi mpya likatosha. Gari la shamba la jua linajengwa kwa kufikiria umbali. Mwaka 2011 Underwriters Laboratories ya Marekani ilitoa matokeo ya majaribio yake kuhusu usalama wa wazimamoto kwenye mitambo ya sola. Walipiga maji kwenye vitu vyenye umeme wa DC wa hadi volti 1,000, wakapima mkondo unaorudi kwa mshika mpira. Maji yakitoka kwa mkupuo mmoja ulionyooka, ilimpasa mtu akae mbali futi 20, yaani mita 6 hivi. Yakitawanywa manyunyu, kwa pembe ya nyuzi 10 au zaidi, futi 5 zilitosha. Mita 6 dhidi ya mita moja na nusu, na tofauti yote iko kwenye kichwa cha mpira ambacho kinaenea kiganjani. Fundi anayeijua habari hii huchagua kichwa kinachotawanya maji, na kile cha mkupuo hakipandishi garini kabisa, ili mwenye haraka asiwe na cha kukosea. Uamuzi huo hauonekani ukilitazama gari likiwa limeegeshwa. Hakuna atakayempongeza kwa kitu ambacho hakikuwekwa.

Majaribio hayo hayo yalionyesha kwamba maji ya chumvi ni hatari zaidi, kwa kuwa hupitisha umeme kwa urahisi. Kwa Garissa jambo hili lina uzito wa pekee. Mto Tana unapita pale mjini na maji yake ni baridi, lakini visima vingi vya nyanda zile hutoa maji ya chumvichumvi. Kwa hiyo swali la kwanza la fundi kuhusu tangi, hata kabla ya ujazo, ni: litajazwa wapi? Jibu linaandikwa kwa rangi isiyofutika karibu na mdomo wa tangi. Tangi lenyewe heri liwe la plastiki nene, kwa kuwa siku moja mtu atalijaza maji ya kisima hata hivyo, na chumvi hula chuma.

Gari linaloanziwa mara nyingi ni pikapu ya Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ulioanza kutengenezwa 1984 na ambao hadi leo haujaacha chasi yake ya ngazi na ekseli yake nzima ya nyuma. Inabeba takriban tani moja, na tani hiyo huisha upesi kuliko mtu anavyodhani. Lita 400 za maji ni kilo 400. Tangi, pampu, injini yake ndogo na mipira ya maji, weka kilo 120. Watu watatu na mavazi yao ya kazi, 270. Ngao ya mbele na winchi, karibu 100. Umeshafika 890, na hujaweka makabati, mitungi ya poda ya kuzimia moto wa inveta na transfoma, machela, oksijeni, betri ya pili, redio, wala gurudumu la pili la akiba ambalo barabara ya huko italidai.

Hapa ndipo heshima yangu kwa kazi hii inapoanzia. Kila mkuu wa idara ana kitu anachotaka kiwemo. Wa usalama anataka ngazi ndefu, wa umeme anataka kreti nzima ya zana, wa zahanati anataka kabati la pili la dawa. Wote wana sababu nzuri. Fundi anayekubali kila kitu anawatengenezea gari linalopendeza siku ya kukabidhiwa, na ambalo breki zake zitashindwa kulisimamisha kwa wakati kwenye changarawe. Fundi mahiri analeta mizani. Anapima kila gurudumu peke yake, gari likiwa tupu, kisha likiwa na maji, kisha likiwa na watu. Anataka uzito mkubwa ukae chini na mbele ya ekseli ya nyuma, na upande wa kushoto usipishane na wa kulia. Ndani ya tangi anataka kuta zenye matundu zinazoligawa vyumba vyumba, maana lita 400 zilizo huru zikikimbilia upande mmoja kwenye kona, dereva hana usukani wa kuzirudisha. Na ngazi ndefu anaikataa kwa upole, akieleza kwamba paneli ziko kimo cha mtu.

Kuna jambo la chasi ambalo hupambanua haraka mwenye ujuzi na asiye nao. Chasi ya ngazi hujipinda. Ni sehemu ya uzuri wake, ndivyo gurudumu moja linavyoweza kushuka shimoni na lingine likabaki juu ya jiwe. Sanduku la makabati lililochomelewa kwa chuma haliwezi kujipinda namna hiyo. Ukilibana moja kwa moja kwenye chasi kwa bolti ngumu pande zote, kitu kimojawapo kitapasuka baada ya miezi michache: ama sanduku kwenye pembe, ama chasi yenyewe. Mwenye kujua hujenga fremu ya kati. Upande mmoja anaikaza imara, upande mwingine anaiacha ikae juu ya springi au mipira mizito inayoruhusu chasi icheze chini yake. Ukilala chini ya gari na kutazama namna ile fremu ilivyoshikwa, umeshaisoma nusu ya akili ya aliyelitengeneza.

Nusu ya pili iko kwenye nyaya, na hii ndiyo sehemu ninayoweza kuitazama kutwa. Umeme wa gari ni DC pia, wa volti 12 tu, na udogo huo una adhabu yake. Tuseme kuna taa za kazi nyuma ya gari zinazokula ampea 20, na waya wa kwenda na kurudi una jumla ya mita 12. Ukitumia waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, volti 1.7 zinapotelea njiani zikiupasha waya joto, na taa inapokea volti 10 na kidogo. Ukitumia wa milimita 16, hasara inashuka hadi robo ya volti. Waya mnene ni ghali na ni mgumu kukunja, na ukishafunikwa hakuna anayeuona. Fundi wa kweli anaulipia hivyo hivyo.

Anaweka fyuzi karibu kabisa na betri, kwa kuwa kipande chochote kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Vichwa vya shaba mwishoni mwa waya anavibana kwa koleo maalumu la kubania, wala havitii risasi, kwa sababu risasi hupanda ndani ya nyuzi na kuzifanya ngumu, na mahali ugumu unapoishia ndipo mtikisiko unapokata. Kila tundu la bati linalopitisha waya linavishwa mpira. Njia ya nyaya inakaa mbali na ekzosi na mbali na kitu chochote kinachozunguka, na inashikwa kila baada ya shubiri moja hivi. Betri ya pili inaunganishwa kupitia rilei inayoiachanisha na ya kwanza injini ikizimwa, ili redio na taa zikikesha kwenye tukio, gari liweze kuwashwa asubuhi. Kila waya una namba ncha zote mbili, na namba hizo zimo kwenye mchoro uliobandikwa ndani ya mlango wa kabati la fyuzi. Mchoro huo ni zawadi kwa fundi mwingine, asiyemfahamu, atakayelifungua gari hili miaka kumi baadaye.

Sasa taa zenyewe. Usiku paneli zimelala, na mtu angedhani hatari imelala nazo. Lakini majaribio niliyoyataja yalithibitisha kwamba taa kali za gari la zimamoto zikimulika paneli zinaweza kuzifanya zitoe umeme wa kutosha kudhuru. Gari la dharura la kawaida hujisifu kwa taa zinazogeuza usiku mchana. Gari hili linahitaji mwanga unaoanguka chini, kwenye ardhi anayokanyaga mwokoaji, na usiopanda kwenye safu. Taa zinafungwa chini, zikiinamishwa, zimevishwa vizuizi kwa juu, na kila upande una swichi yake ili upande unaotazama paneli ubaki giza. Nimewahi kufikiri kwamba kama ningeruhusiwa kumuuliza fundi swali moja tu kabla ya kumpa gari la shamba la jua, ningemuuliza taa atazielekeza wapi.

Ekzosi nayo ina hadithi yake fupi. Bomba la moto likipita juu ya majani makavu, gari lililokuja kuzima moto laweza kuuwasha mwingine. Linakingwa kwa bati, na mdomo wake unaelekezwa mbali na majani.

Kuhusu mpangilio wa vitu, kanuni ya magari ya wagonjwa ya Ulaya, EN 1789, inataka kila kifaa kishikwe kwa namna ya kuhimili nguvu mara 10 ya uzito wake. Gari likigongwa, mtungi wa oksijeni wa kilo 5 unavuta kwa kilo 50, na mkanda wa mpira wa kufungia mizigo hauna jibu kwa hilo. Basi kila kitu kina kitanda chake cha chuma na kifungo kinachofunguka kwa mkono mmoja uliovaa glavu. Mpangilio unafuata matendo. Mwokoaji akishuka, vitu vya kwanza ni glavu za mpira za daraja 0, zinazoruhusiwa hadi volti 1,500 za DC, kinga za ngozi za kuvaa juu yake, na kipimaumeme chenye uwezo wa kusoma DC. Vinafuatiwa na fimbo ndefu ya kulabu isiyopitisha umeme, ya kumvutia mtu aliyenaswa. Halafu maturubai mazito meusi ya kufunika paneli. Yale mepesi ya plastiki yanayopitisha mwanga hayasaidii. Maji yanakuja baadaye. Lebo ni za rangi na michoro kwanza, maneno baadaye, kwa Kiswahili na Kisomali, kwa sababu atakayefungua kabati anaweza kuwa mlinzi wa zamu aliyefika wa kwanza.

Zahanati ya ndani inataka fikra za peke yake. Aliyepigwa na umeme moyo wake unaweza kuacha mapigo yake ya kawaida, na kila dakika inayopita bila kukandamizwa kifua na bila mshtuko wa kuurudisha hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Mashine ya mshtuko kwa hiyo inatakiwa iwe jirani na mkono, ndani ya kebini. Lakini mashine nyingi za namna hiyo zimetengenezwa kwa joto lisilozidi nyuzi 50, na kebini iliyofungwa kwenye jua la Garissa huvuka hapo kwa urahisi. Ukiiweka karibu itapikwa, ukiiweka mbali itachelewa. Mafundi hulitatua hili kwa sanduku lenye kuta za kuhifadhi ubaridi nyuma ya kiti, rangi nyeupe kwenye paa, paa la pili lililoinuliwa juu ya la kwanza upepo upite kati, na zaidi ya yote banda la kuegesha lenye kivuli, ambalo mwenye kituo huwa hakulipangia fedha mpaka fundi alidai. Kuna vifaa vya kuungua, kuna chumvi za kunywa kwa waliozidiwa na joto, na kuna mabanzi ya kutuliza kiungo kilichoumwa na nyoka, maana vifutu hupenda vivuli virefu kama hivyo vya chini ya paneli. Dawa ya sumu iko hospitalini. Kazi ya gari ni kumfikisha mgonjwa akiwa ametulia, bila kamba iliyokazwa mguuni.

Watu wa Garissa wanayajua magari yaliyoandaliwa vizuri. Kambi za wakimbizi za Dadaab zilianza kufunguliwa 1991 ndani ya kaunti hiyo hiyo, na tangu hapo Land Cruiser nyeupe zenye antena ndefu mbele zimepita mjini kila siku. Magari ya mashirika ya misaada mengi huandaliwa Gibraltar na kushushwa Afrika yakiwa tayari. Yametengenezwa vizuri, nakubali. Hata hivyo naamini gari la shamba la jua liandaliwe karibu na shamba lenyewe, na mafundi wa Nairobi au Mombasa wanaoweza kupanda basi wakaenda kukipima kile kijia, wakayaonja yale maji, wakazungumza na mlinzi wa usiku.

Gari likikamilika, kazi haijaisha. Linapelekwa kwenye barabara ya makunyanzi likiwa na maji tele, likakimbizwa, likafungwa breki za ghafla, kisha linarudishwa na kila bolti inakazwa upya kwa spana ya kipimo na kutiwa alama ya rangi inayokatiza kati ya nati na chuma, ili siku nati ikizunguka mstari uvunjike na jicho lione. Wahudumu wanafumbwa macho kwa kitambaa na kutakiwa watoe glavu, fimbo na mashine ya mshtuko. Mahali mkono unapopapasa, kabati linapangwa upya. Mwisho kabisa kinabandikwa kikaratasi kwenye mfuko wa glavu, ambao unaning'inizwa upande usio na ekzosi, glavu zikiwa hazikukunjwa. Kanuni za Marekani zinataka glavu hizo zipimwe kwa umeme kila baada ya miezi 6, na mwokoaji azijaze hewa kutafuta tundu kila siku kabla ya kuzitumia. Kwenye kikaratasi fundi anaandika tarehe ya kipimo kijacho, halafu anampigia simu mkuu wa stoo kuhakikisha kwamba naye ameiandika.